Makarani Wangapi Wanatosha Chumvini?

Kila msimu wa bajeti swali moja hurudi mezani: idara ya fedha ina watu wengi mno, au wachache mno? Mwenye kampuni hutaka jibu la namba. Mshauri huitwa kutoka Nairobi au Mombasa, akaja na jedwali la kampuni nyingine, akasema wenzenu wana wahasibu wanne kwa kila shilingi bilioni ya mauzo, nyinyi mna zaidi ya kumi na mmoja. Kikao hakijafika adhuhuri, majina ya watakaoachishwa kazi yashaandikwa. Hesabu hiyo ikipelekwa Magarini, kwenye mabwawa ya chumvi ya Kilifi, hupotosha vibaya, na madhara yake huwafikia watu ambao hawajawahi kuingia ofisi ya uhasibu.

Ukivuka daraja la Mto Sabaki kutoka Malindi ukashika barabara ya Garsen, upande wa bahari utaona mabwawa ya chumvi kuanzia Gongoni, kupita Marereni, hadi Kurawa. Maji ya bahari huingizwa bwawani, jua na upepo huyapunguza hatua kwa hatua, chumvi huganda, kisha watu huikusanya na kuirundika. Krystalline, Kensalt, Malindi Salt na Kurawa ni majina yanayojulikana na kila mkazi wa ukanda huo. Kwa mhasibu hii ni biashara ya namna yake. Tani moja ya chumvi ghafi ina thamani ndogo, kwa hiyo ili mauzo yawe ya maana lazima malori yawe mengi, na wakati wa mavuno vibarua huwa mara kadhaa ya wafanyakazi wa kudumu. Karatasi huwa nyingi huku fedha iliyomo katika kila karatasi ikiwa kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza iko Nairobi, inaagiza dawa kutoka nje, inauza shilingi bilioni 2 kwa mwaka, ina wafanyakazi 80, na wahasibu 8. Ya pili iko chumvini, inauza shilingi milioni 800, ina wafanyakazi wa kudumu 120 na vibarua 600 wakati wa mavuno, na wahasibu 9. Ukigawanya kwa mauzo, Nairobi ina wahasibu 4 kwa kila bilioni na chumvini wapo 11 na zaidi, yaani karibu mara tatu. Ukigawanya kwa watu wanaolipwa, Nairobi ina mhasibu mmoja kwa kila watu 10 na chumvini mmoja kwa kila watu 80. Wahasibu ni walewale tisa. Kipimo cha kwanza kinasema wamejaa kupita kiasi, cha pili kinasema wanakufa kwa kazi. Mshauri aliyechagua kipimo cha kwanza ameshatoa hukumu kabla hajafungua faili hata moja.

Yuko pia mhasibu asiyehesabiwa. Karani wa masta roli, yule anayezunguka mabwawani akiandika nani amekuja na amefanya kazi gani, mara nyingi huwekwa chini ya idara ya uzalishaji. Karani wa mizani ya malori huwekwa chini ya mauzo, na wa stoo chini ya ununuzi. Wote watatu wanaandika rekodi ambazo hesabu za kampuni zinazitegemea, lakini jedwali la mshauri haliwaoni. Halafu kuna kampuni ambazo kodi na mikopo yao hushughulikiwa na ofisi kuu iliyo mji mwingine, na wanaoifanya kazi hiyo nao huhesabiwa huko au hawahesabiwi kabisa. Kampuni mbili zinaweza kuwa na watu sawasawa wanaofanya kazi ileile, moja ikaonekana ina wahasibu tisa na nyingine wanne, kwa sababu tu ya namna walivyogawa majina ya idara. Kabla ya kulinganisha chochote, andikeni kazi, kisha tafuteni ni nani anayezifanya, awe anakaa ofisi gani. Nimeshika hilo kwa miaka mingi na sioni njia ya mkato.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote katika ulinganishaji wa idara za fedha ni cha Ford. Michael Hammer alikisimulia katika jarida la Harvard Business Review mwaka 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ford ilikuwa na zaidi ya watu 500 Amerika Kaskazini katika kitengo cha kulipa wauzaji peke yake. Wakuu walipanga kuongeza kompyuta ili wabaki kama 400, na wakaona hilo ni jambo kubwa. Kisha wakatazama Mazda, kampuni ya Japani ambayo Ford ilikuwa na hisa zake. Mazda ilikuwa na watu 5 katika kitengo hicho. Hata baada ya kuzingatia tofauti ya ukubwa wa kampuni, kitengo cha Ford kilikuwa mara tano ya kilivyopaswa kuwa.

Wanaokisimulia kisa hiki kwa haraka huishia hapo, kwenye 500 na 5. Sehemu yenye faida ni walichofanya Ford baadaye. Waliuliza watu 500 hao wanashinda wakifanya nini, wakakuta muda mwingi unaliwa na karatasi zisizokubaliana: oda ya ununuzi inasema hivi, hati ya kupokea mali inasema vile, ankara ya muuzaji inasema jambo la tatu. Karani alilazimika kulinganisha vipengele 14 katika hati hizo tatu, na kimoja kikikataa malipo husimama na uchunguzi huanza. Ford wakabadilisha utaratibu kutoka mwanzo. Mnunuzi akiagiza, oda inaingia kwenye kompyuta. Mali ikifika mlangoni, mpokeaji anaitafuta oda humo. Ikiwemo na mali inalingana nayo, anapokea na malipo yanatoka. Isipokuwemo, mali inarudishwa. Ankara haikuhitajika tena, na vipengele vya kulinganisha vikabaki vitatu. Palipotekelezwa utaratibu huo, idadi ya watu ilipungua kwa asilimia 75. Mazda iliwaonyesha Ford kwamba jambo linawezekana. Watu walipungua kwa sababu kazi yenyewe iliondolewa, na mtu anayetazama namba bila kutazama kazi atapunguza watu huku kazi ikibaki palepale, ikisubiri wa kuifanya.

Sasa irudishe hoja hiyo Magarini, uitazame masta roli. Vibarua 600 kwa siku 26 ni maandiko 15,600 kwa mwezi. Kama malipo ni kwa kipimo cha kazi, kila andiko lina jina, aina ya kazi, kiasi na kiwango cha malipo. Mahali pengi safari ya karatasi ni hii: nyapara anaandika kwenye daftari lake, karani ananakili kwenye masta roli, ofisini mwingine anaiingiza kwenye kompyuta, mhasibu anakagua, meneja anatia sahihi. Jina moja limeandikwa mara tatu kabla ya mtu kulipwa, na kila kunakili ni nafasi ya kukosea au ya kupenyeza jina la mtu asiyekuwepo. Siku ya malipo dirishani utasikia, "Karani, mbona siku zangu ni nne na mimi nimekuja sita?" Kuanzia hapo karani hafanyi kazi nyingine. Anatafuta daftari, anamtafuta nyapara, anapiga simu.

Ajira ya watu kama hao ikiwa ya mashaka, malalamiko ya siku zilizopotea si madogo. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadharani kuhusu kampuni za chumvi za Magarini mwaka 2005, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Ardhi ndiyo iliyochukua nafasi kubwa, lakini ujira na hali ya kazi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoletwa mbele ya tume. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atunze rekodi za wafanyakazi wake, na kifungu cha 37 kinampa kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja haki ya kuhesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Siku sita au siku nne katika daftari la nyapara zinaweza kuwa ushahidi mahakamani. Kwa hiyo ninaposema idara ya fedha iwe na watu wa kutosha, ninamfikiria kwanza mama anayekusanya chumvi tangu alfajiri na ambaye hana hati nyingine ya kuthibitisha kazi yake isipokuwa jina lake kwenye masta roli.

Fedha yenyewe inasema hivyohivyo. Katika mfano wetu wa kubuni, tuseme kibarua analipwa shilingi 600 kwa siku. Watu 600 kwa siku 26 ni shilingi 9,360,000 kwa mwezi. Kosa la asilimia moja tu ni shilingi 93,600. Kama karani mmoja anaigharimu kampuni shilingi 60,000 kwa mwezi, asilimia hiyo moja inamlipa na chenji inabaki. Mshauri aliyeokoa mishahara ya makarani sita ameokoa shilingi 360,000 kwa mwezi. Makosa na majina hewa yakifika asilimia nne ya malipo ya vibarua, akiba yote imekwenda, na kampuni imerudi nyuma.

Wengi watajibu kwamba M-Pesa imemaliza tatizo. Ni kweli imemaliza moja kubwa. Kabla ya mwaka 2007 siku ya malipo ilikuwa mzigo wa noti kutoka benki za Malindi, askari, meza, foleni hadi jioni. Leo faili moja hutumwa na simu zinalia mabwawani. Lakini faili hiyo imetokana na masta roli ileile ya karatasi. Zaidi ya hayo, kazi mpya zimezaliwa: laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu, namba iliyokosewa tarakimu moja, pesa iliyokwenda kwa mtu mwingine na kutakiwa irudishwe. Tumefanya kile Ford walichokuwa wamepanga mwanzo, kuweka mashine mwishoni mwa utaratibu wa zamani. Jina likiandikwa mara moja tu, pale bwawani, kwa kifaa ambacho kibarua mwenyewe anaona kilichoandikwa kabla hajaondoka, makarani wawili wanaonakili wanaweza kupewa kazi nyingine bila mtu kupoteza siku yake.

Nani wa kujifunza kwake? Xerox, kampuni ya Marekani ya mashine za kunakili, ndiyo inayotajwa kuwa imefungua mlango wa ulinganishaji wa aina hii mwishoni mwa miaka ya 1970. Walipotaka kuboresha maghala yao hawakwenda kwa mtengenezaji mwingine wa mashine. Walikwenda L.L.Bean, muuzaji wa nguo na vifaa vya matembezi huko Maine, kwa sababu alikuwa hodari wa kukusanya bidhaa za kila umbo ghalani kwa ajili ya oda ndogondogo. Walilinganisha kazi na kazi. Kwa mwenye mabwawa ya Gongoni, mwalimu wa namna hiyo yuko nyanda za juu, katika viwanda vya chai vilivyo chini ya wakala wa chai, KTDA. Huko mamia ya maelfu ya wakulima huleta majani kwenye vituo vya kununulia, kilo zinapimwa, zinaandikwa kwa namba ya mkulima, na mwisho wa mwezi analipwa kwa jumla yake. Kupima, kuandika na kulipa watu wengi kwa viasi vidogo ndiyo kazi nzito ya karani wa chumvini pia. Ningependa kuona mkurugenzi wa fedha wa kampuni ya chumvi akipanda basi kwenda Murang'a akae kituoni asubuhi moja. Atajifunza zaidi kuliko kwenye jedwali lolote la waagizaji dawa.

Kuna namba moja ambayo hailinganishwi na mtu, kwa kuwa ni ya lazima. Anayeidhinisha malipo asiwe anayeyatoa, anayeyatoa asiwe anayeyaandika, na anayelinganisha daftari na taarifa ya benki asiwe yeyote kati ya hao. Hizo ni nafasi nne. Meneja au mwenye kampuni anaweza kushika moja, ya kuidhinisha, na hivyo ofisi ikahitaji watatu. Mmoja akienda likizo, au akipelekwa hospitali, wamebaki wawili, na hapo ndipo nenosiri la mtu mmoja linapoanza kutumiwa na wengine "kwa muda". Mfumo wa kompyuta haujazi pengo hilo. Kilifi tunalijua hili: mwaka 2016 ilifichuka kwamba takriban shilingi milioni 51 za kaunti zilikuwa zimetoka kupitia IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali uliowekwa kwa lengo la kuzuia mambo hayo, na wachunguzi wa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, wakaingia. Kampuni yenye wahasibu watatu ambao wote wanajua nenosiri la mwenzao ina mhasibu mmoja tu kwa macho ya mkaguzi.

Upande wa serikali umeongeza kazi haraka kuliko majedwali ya kimataifa yanavyoweza kufuata, na hapa ndipo ninapowaonea huruma makarani wa Kenya. Kodi ya PAYE lazima iwasilishwe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT tarehe 20. Ushuru wa nyumba za bei nafuu wa asilimia 1.5 hukatwa kwa mfanyakazi na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaondoka ikaja SHIF ya asilimia 2.75, viwango vya akiba ya uzeeni vya NSSF navyo vimebadilika. Kila badiliko maana yake ni kugusa upya orodha nzima ya mishahara. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi na mamlaka ya kodi, KRA, katika kupiga hesabu ya kodi ya mapato. Fikiria hilo kwa kampuni inayonunua maji ya lori, kukodi trekta na kumlipa fundi wa pampu hapo Gongoni, watu ambao wengi wao hawajawahi kutoa ankara ya aina yoyote. Sheria ilirekebishwa mwaka 2024 ili mnunuzi amtolee ankara muuzaji mdogo. Ni nafuu kwa muuzaji, na ni kazi iliyohamia kwenye meza ya karani wa mnunuzi. Jedwali lililotengenezwa Ulaya au Marekani halina mtu huyo ndani yake.

Kisha kuna mvua. Mwezi wa mavuno makubwa wakati wa kaskazi na mwezi wa Mei masika ikiwa imeshika ni kama kampuni mbili tofauti. Mavuno yakisimama vibarua hupungua na masta roli huwa nyepesi, ingawa malori yanaendelea kupakia kutoka kwenye marundo. Mshauri akija Mei atakuta makarani wanapanga faili na ataandika kwamba wamezidi. Akija Februari atawakuta ofisini usiku. Wastani wa mwaka unaficha hali zote mbili. Jibu la busara ni kuwa na kiini cha watu wa kudumu na makarani wa msimu waliofunzwa, wanaorudi kila mwaka, pamoja na kuipa Mei kazi inayostahili: kupima marundo upya na kuona mvua imekula kiasi gani, kulinganisha salio la wauzaji, kupiga hesabu ya gharama ya kila tani. Hesabu ya gharama ya tani ndiyo hufa ya kwanza watu wanapopunguzwa ovyo, maana haina tarehe ya KRA wala foleni dirishani. Meneja hubaki akiuza kwa bei ambayo hajui kama inarudisha alichotumia.

Simaanishi kwamba idara za fedha hazijai. Zinajaa. Kuna vocha inayopitia sahihi sita ilhali wote sita wanatazama sahihi ya aliyetangulia tu. Kuna ripoti inayoandaliwa kila wiki kwa ajili ya mkurugenzi aliyeondoka zamani. Kuna mpwa wa fulani aliyeletwa kwa simu. Mambo haya yatajitokeza kazi zikiandikwa moja moja, na hapo kupunguza watu kutakuwa na sababu inayoweza kuelezwa mbele yao.

Ningetaka kampuni za ukanda wa Gongoni hadi Kurawa zijilinganishe zenyewe kwa zenyewe, kwani hakuna mahali pengine penye kazi inayofanana na yao zaidi ya kwa jirani. Bei na viwango vya mishahara visiguswe, maana Sheria ya Ushindani haipendi washindani wakae chini kuongea hayo. Lakini mistari ya malipo kwa kila karani, siku zinazotumika kufunga hesabu za mwezi, malalamiko ya malipo kwa kila vibarua mia, ankara zilizokwama kwa kutolingana na oda: haya yanaweza kukusanywa na mtu wa kati asiye na biashara ya chumvi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi na kinafunza uhasibu. Wanafunzi wake wanaweza kuifanya kazi hiyo chini ya mwalimu, namba zikatolewa bila majina ya kampuni. Zikusanywe Februari na tena Mei, kwa sababu niliyoieleza. Kwanza wakubaliane kosa la malipo ni lipi. Mimi ningesema ni kila mstari uliorekebishwa baada ya siku ya malipo, hata kama marekebisho ni ya shilingi hamsini, na hata kama kibarua mwenyewe ndiye aliyeligundua.